PCB Haitoshi: Tuwafundishe Madaktari Watarajiwa Kuwasoma Watu

Mjini Morogoro kuna msimu wa masomo ambao haumo kwenye kalenda ya Wizara ya Elimu. Huanza Novemba, Kidato cha Nne wakishaweka kalamu chini, na huisha Julai, Kidato cha Tano kinapofunguliwa. Mtaani unaitwa pre-form five. Wazazi hawataki kijana akae nyumbani miezi yote hiyo akichezea simu, walimu wanahitaji kipato cha ziada, na vijana wenyewe wanataka kuingia Kidato cha Tano wakiwa wameshazigusa mada za mwanzo. Kwa anayeutaka udaktari hakuna mjadala wa kombi. Ni PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Binti anayeomba kupangiwa Kilakala, chini kabisa ya milima ya Uluguru, na kijana anayeomba Mzumbe, zote shule za vipaji maalumu, wanakutana kwenye madawati yaleyale ya tuisheni wakikokotoa moli na kuchora seli.

Nayaheshimu madawati hayo. Madaktari wengi wanaotutibu leo walipita kwenye madawati kama hayo. Lakini kuna somo ambalo halipo kwenye ratiba ya kituo chochote, wala kwenye fomu ya maombi ya chuo, nalo ndilo daktari atakalolihitaji kila siku ya kazi yake: kumwelewa mtu anayeumwa, familia iliyomleta, na mahali alikotoka. Hoja yangu ni hii. Tanzania haina haja ya kuiga mitihani ya wenzetu waliokwisha kuliingiza somo hilo kwenye mlango wa vyuo vya tiba. Ina haja ya kulifundisha, na pa kuanzia ni kwenye tuisheni hizihizi, kwa mifano ya milima hii na bonde la Kilombero.

Mlango wetu unauliza nini

Tuanze na hali ilivyo. Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu pointi za Kidato cha Sita: A ina 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2 na E ina 1. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, masomo yanayobeba hesabu hiyo ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. General Studies, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya lazima kwa kombi zote, ndiyo karatasi pekee iliyomgusisha mwanafunzi wa PCB mambo ya jamii. Lakini haiongezi pointi ya kuingilia chuo, na wanafunzi wanalijua hilo vizuri. Wengi huifungua wiki ya mwisho, wakameza madesa, wakaandika, wakasahau. Saikolojia na sosholojia zenyewe hazifundishwi kama masomo katika sekondari zetu.

Mwanafunzi huyu akipata division one ya pointi 3, yaani A tatu kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, ambako A ni pointi 1, anaingia Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au Ifakara, ambako chuo kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kimekuwa kikifundisha udaktari humuhumu mkoani Morogoro. Atasoma miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya utarajali. Huko chuoni atakutana na somo la watu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina idara ya sayansi za tabia, na kina idara ya taaluma za maendeleo. Tatizo ni kwamba anakutana nalo akiwa ameshakaa miaka mingi akiaminishwa kuwa maarifa yenye thamani ni yale yenye fomula. Anatomia inamkimbiza, baiokemia inamkimbiza, na somo la tabia za watu linageuka General Studies ya pili: la kupita tu.

Wamarekani walichoamua

Nchini Marekani, mlango wa vyuo vya tiba ni mtihani uitwao MCAT, unaosimamiwa na Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani. Mwaka 2012 chama hicho kiliidhinisha muundo mpya, na kuanzia Aprili 2015 mtihani una sehemu nne badala ya tatu. Sehemu iliyoongezwa inahusu misingi ya kisaikolojia, kijamii na kibaiolojia ya tabia ya binadamu. Ina maswali 59 yanayojibiwa kwa dakika 95. Takriban asilimia 65 ya maswali hutoka katika saikolojia ya mwanzo, asilimia 30 katika sosholojia, na asilimia 5 katika baiolojia. Alama zake huanzia 118 hadi 132, sawa kabisa na sehemu ya kemia na fizikia. Mtahiniwa anayejua kila kitu kuhusu vimeng'enya lakini hajui unyanyapaa unavyofanya kazi anapoteza alama zilezile.

Sababu ya uamuzi huo ni nzito. Sehemu kubwa ya maradhi yanayoua watu leo imefungamana na wanavyokula, wanavyofanya kazi, wanavyolala, wanavyoishi na wenzao na kiasi cha fedha walichonacho. Anayejua dawa ya shinikizo la damu lakini hajui kwa nini mgonjwa anaiacha akishajisikia nafuu, anajua nusu ya tiba.

Jambo la kuangalia ni kile soko la tuisheni lilichofanya baada ya hapo. Marekani ni nchi ya tuisheni kuliko tunavyodhani. Stanley Kaplan alianza kufundisha wanafunzi mwaka 1938 katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, Brooklyn, na jina lake likawa kampuni kubwa ya kuandaa watu kwa mitihani. Sehemu mpya ya MCAT ilipokuja, zikaja kozi zake, vitabu vyake, walimu wake wa mtu mmoja mmoja na mamia ya kadi zenye istilahi. Vijana wa Kitanzania walioko huko, watoto wa ndugu zetu waliohamia, hukutana na kadi hizo. Kijana anaweza kukueleza bila kigugumizi kwamba Erving Goffman aliandika kuhusu unyanyapaa mwaka 1963 na kwamba Talcott Parsons alieleza wajibu na haki za mtu mgonjwa mwaka 1951. Ukimuuliza kwa nini mama yake mwenyewe anameza dawa za kisukari kwa kificho, anakaa kimya.

Watunga mtihani walijua hatari hiyo. Kati ya maswali yale 59, maswali 44 yamefungwa kwenye vifungu vya habari, vingi vikieleza utafiti fulani, na 15 tu ndiyo yanayosimama peke yake. Mtahiniwa anatakiwa asome hali ambayo hajawahi kuiona, aitambue dhana inayohusika, aone utafiti unaruhusu kusema nini na hauruhusu kusema nini. Mwalimu mzuri wa sehemu hii hutumia muda mwingi kwenye vifungu na muda mchache kwenye kadi. Hilo ndilo tunalopaswa kulichukua kutoka kwao, na visa vya kulifanyia kazi tunavyo hapahapa.

Milima ilivyowashinda wataalamu

Mwanafunzi wa Morogoro akitaka kujua kwa nini mtaalamu mwenye jibu sahihi anaweza kushindwa, asiende mbali. Aangalie juu, upande wa Matombo.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Wataalamu waliona jambo la kweli: miteremko ni mikali, mvua ni kubwa, udongo unaporomoka, na mito inayoshuka kutoka humo inaulisha Mto Ruvu ambao hadi leo unainywesha Dar es Salaam. Dawa waliyoandika ilikuwa matuta ya ngazi. Watu wakaamriwa kuyachimba, na aliyekaidi alitozwa faini. Kitaalamu, kwenye karatasi, mpango ulikuwa na mantiki.

Shambani mambo yakawa mengine. Katika maeneo mengi uchimbaji uliufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuuleta juu udongo wa chini usiozaa, mavuno yakashuka. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na ilikula siku za kulima chakula. Juu ya hayo kulikuwa na suala la ardhi. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi ya mababu ilishikwa na ukoo. Aliyelima shamba mara nyingi alikuwa mtumiaji tu kwa idhini ya wenye ukoo. Kujenga kitu cha kudumu juu ya shamba la namna hiyo kulizua swali zito: kesho nani atasema shamba ni lake? Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima, mwaka 1960, kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, na Pamela Maack akaurudia mgogoro huu wa matuta katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Mabwana shamba waliokuja na kamba za kupimia hawakuwa wamejiuliza lolote kati ya hayo. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga, polisi wakatumia nguvu, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kina kila kitu ambacho tuisheni ya sosholojia ya tiba inapaswa kufundisha. Mwanafunzi anajifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa ushauri wowote. Nani mwenye kauli ya mwisho katika uamuzi huu? Nani atalipa gharama ya kunitii: muda wake, nguvu zake, fedha zake? Na watu hawa wana historia gani na watu wa aina yangu? Daktari kijana anayefika Kinole, Mgeta au Mkuyuni akiwa na koti jeupe na agizo la kitaalamu yuko mahali palepale alipokuwa bwana shamba wa mwaka 1950. Ana jibu sahihi mkononi, na jibu peke yake halitamfikisha.

Swali la tatu lina uzito wa pekee Uluguru. Peter Pels, aliyetafiti uhusiano wa wamisionari na Waluguru, aliandika mwaka 1992 kuhusu habari za mumiani zilizoenea huko enzi za ukoloni: kwamba kuna watu wanaonyonya damu za wenzao kwa faida ya wageni. Anayeandaa siku ya kuchangia damu akazipuuza habari hizo kama ujinga, atabaki na chupa tupu. Akizielewa kama namna watu walivyoieleza hofu yao kwa mamlaka iliyochukua bila kuuliza, atajua kwamba kazi yake ya kwanza ni kueleza wazi damu inakwenda wapi na inamrudia nani.

Kilombero ilipofanikiwa

Mkoa huuhuu una kisa cha pili, na kinaonyesha upande wa mafanikio. Kuanzia mwaka 1996, watafiti wa Ifakara waliendesha mradi wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wangeweza kupeleka malori ya vyandarua na amri. Walichofanya ni kusoma kwanza watu wanavyoielewa homa, wanachokinunua, wanakonunua na wanaowaamini. Chandarua na dawa yake vikauzwa kwa bei iliyopunguzwa, kupitia maduka na mawakala wa vijijini, kwa jina ambalo kila mkazi wa bondeni analielewa bila kufafanuliwa: Zuia Mbu.

Angalia jina hilo kwa jicho la saikolojia. Malaria ni hatari ya kesho, tena wazazi wengi waliichukulia kama homa ya kawaida. Mbu ni kero ya usiku huu, anayemnyima usingizi baba, mama na mtoto. Mradi uliianzia kero ambayo mtu anaihisi mwenyewe, na kinga ya malaria ikaja humohumo ndani ya chandarua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka 4 uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliolala ndani ya vyandarua hivyo. Mwaka 2004 ukaanza mpango wa kitaifa wa kutoa hati punguzo za vyandarua kwa wajawazito.

Kemia ya dawa ya chandarua ilikuwa inajulikana. Kilichoamua mtoto alale ndani yake au nje yake kilikuwa elimu ya tabia. Mwanafunzi wa PCB anayejifunza mzunguko wa maisha ya vimelea vya malaria, na anaujua vizuri, anastahili kuambiwa nusu hii ya pili ya habari.

Zoezi moja, darasani

Nieleze sasa tuisheni ninayoipendekeza inafananaje. Kifungu hiki nimekitunga kwa ajili ya wanafunzi. Hakimhusu mtu yeyote.

Mtoto wa miaka 3 kijijini upande wa Kinole anashikwa na homa Jumanne jioni. Bibi anasema ni homa tu, apewe panadol. Usiku wa manane mtoto anakakamaa, macho yanageuka. Jirani anasema hiyo ni degedege, asipelekwe kuchomwa sindano, atafia mikononi mwa mganga wa zahanati. Baba yuko Dar es Salaam kwenye kazi ya ujenzi. Mama anampigia simu kaka yake aliyeko Mkuyuni, naye anamwambia asubiri, anakuja. Bodaboda ya kushuka mlima usiku ule inataka fedha ambayo mama hana. Wanafika kituo cha afya saa sita mchana. Mhudumu anamwambia mama mbele ya watu: “Ninyi ndio mnaoua watoto kwa uzembe.”

Mwanafunzi wa madesa ataandika mara moja: ukosefu wa elimu. Hapo ndipo mwalimu anapoanza kazi.

Swali la kwanza: mhudumu amekosea nini kifikra? Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina tabia yetu ya kumhukumu mtu kwa hulka yake na kuisahau hali iliyomzunguka. Mhudumu ameona uzembe. Hakuona mlima, usiku, nauli, wala baba aliye mbali. Mwanafunzi aorodheshe kila jambo la mazingira lililomo kwenye kifungu. Akimaliza, neno uzembe litakuwa limekosa pa kukaa.

Swali la pili: kwa nini jirani anaogopa sindano? Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na malaria, wakaiona ni ugonjwa mwingine unaotaka tiba ya jadi kwanza, na wakaamini sindano inaweza kumuua mtoto aliye katika hali hiyo. Fikiria jinsi imani hiyo inavyojilisha yenyewe. Mtoto anachelewa, anafika akiwa mahututi, anachomwa sindano, anafariki. Waliobaki kijijini wameona sindano na wameona kifo. Mwanafunzi akiliona duara hilo ameelewa ushahidi, chanzo na matokeo kuliko angeelewa kwa kadi mia.

Swali la tatu: nani anaamua? Mama amempigia kaka yake. Kwa familia ya Kiluguru inayofuata desturi, mjomba ana sauti kubwa kuhusu watoto wa dada yake, na kumsubiri ni utaratibu, haujatokana na woga. Lakini hapa mwalimu asimame na aonye. Mwanafunzi asikariri kwamba Mluguru ni mjomba, kama alivyokariri jedwali la elementi. Dini, ndoa za mchanganyiko, maisha ya mjini na fedha vimebadili mengi. Desturi inampa daktari swali la kuuliza, haimpi jibu. Aulize: “Mama, katika jambo hili unashauriana na nani?”

Swali la nne: ungeanza kwa kusema nini? Arthur Kleinman, daktari na mwanaanthropolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1970 amekuwa akiwafundisha madaktari kumuuliza mgonjwa anavyoueleza ugonjwa wake mwenyewe: anadhani umesababishwa na nini, kwa nini umeanza sasa, na anachoogopa zaidi ni nini. Kwa Kiswahili cha kituo cha afya inakuwa hivi, mtoto akiwa ameshaanza kuhudumiwa: “Pole sana mama. Umefanya vizuri kumleta. Nyumbani mlidhani ni nini? Kuna kitu kuhusu matibabu haya kinakutia hofu?” Wanafunzi wayatamke maneno hayo kwa sauti, wawili wawili, mmoja akiwa mama. Mwanzoni wataona haya, kisha watazoea. Na mwalimu asikilize wanavyosema “pole”, kwa sababu mgonjwa anaisikia tofauti kati ya pole ya mdomo na pole ya moyo.

Zoezi hilo linachukua saa moja. Limebeba dhana nne za saikolojia na sosholojia, zote zikiwa kazini. Kijana wa Kitanzania anayejiandaa na MCAT kule Marekani angefaidika nalo kuliko kukesha na orodha, kwa sababu mtihani wake unataka uwezo huohuo wa kuiona dhana ndani ya kisa. Ana hazina ya visa vya nyumbani ambayo wenzake darasani hawana.

Jinsi ya kulishika somo

Saikolojia inatufundisha pia jinsi ya kufundisha, na tuisheni zetu zinahitaji somo hilo kwa masomo yote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari mara mbili na wanafunzi waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56. Kurudia daftari kunampa mwanafunzi hisia ya kuelewa inayoyeyuka kabla ya mtihani.

Kwa hiyo kila kipindi kianze na daftari zikiwa zimefungwa. Mwanafunzi asimulie kifungu cha wiki iliyopita, ataje dhana iliyokuwamo, atoe mfano mwingine kutoka mtaani kwake. Kesi za zamani zirudi baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi, zikichanganywa na mpya. Anayekosea aandike kwa nini alidhani jibu lake ni sahihi. Hilo la mwisho lina faida ya pekee kwa daktari mtarajiwa: kuzifuatilia fikra zako mwenyewe pale zilipokupoteza.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema PCB peke yake inawaelemea vijana, tusiwatwishe mzigo mwingine. Nawaelewa. Ndiyo maana sisemi liwe somo la pointi. Msimu wa pre-form five una zaidi ya wiki 30. Saa moja kwa wiki haimnyimi mtu kemia yake, na vifungu vyenye takwimu na majedwali vitamsaidia hata kwenye karatasi ya Baiolojia.

Wengine watasema utu haufundishwi, mtu huzaliwa nao au malezi humpa. Huruma huenda ikatoka nyumbani. Lakini kutambua kwamba umemhukumu mama kabla hujamsikiliza ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa, hurudiwa na husahihishwa, kama vile kupima mapigo ya moyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande mwingine: kama somo hili ni muhimu hivyo, kwa nini lisiwekwe kwenye mtihani wa kuingilia chuo, kama walivyofanya Wamarekani? Hapo nakataa, na sababu yangu ni haki. Somo lisilofundishwa shuleni likiwekwa mlangoni, atakayelipata ni mwenye fedha za tuisheni. Kijana wa shule ya kata huko Mgeta, ambaye amekua akiona wagonjwa wakishushwa mlimani kwa machela na anaijua sosholojia ya afya kwa macho yake, angeshindwa na kijana wa mjini aliyenunua kitabu cha istilahi. Tungekuwa tumewafungia nje watu walewale ambao somo hili linataka wapate madaktari wanaowaelewa. Marekani kwenyewe gharama za maandalizi ni kilio cha familia nyingi, na wao wana vyuo vinavyofundisha saikolojia kila jimbo.

Kazi iliyopo

Walimu wa kazi hii wapo. Chuo Kikuu Mzumbe kipo jirani, Chuo Kikuu cha Waislamu kipo mjini, Chuo cha Ualimu kipo Kigurunyembe, na kila mwalimu aliyehitimu amesoma saikolojia ya elimu. Wapo wauguzi na matabibu wastaafu wanaojua zaidi ya kitabu chochote jinsi mgonjwa wa mlimani anavyoamua kuja au kutokuja. Mwenye kituo cha tuisheni amwalike mmoja wao mara moja kwa mwezi, amlipe stahiki yake, na awaache wanafunzi wamuulize.

Mitaala mipya inayotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inataka mwanafunzi mwenye umahiri kuliko mwenye kumbukumbu. Watunga vitabu vya Baiolojia wanaweza kulitimiza hilo kwa kuweka visa vya jamii pembeni ya mada ya magonjwa: mada ya malaria iwe na Zuia Mbu, mada ya damu iwe na mumiani. Na vyuo vya tiba vilipe somo la sayansi za tabia nafasi wodini na vijijini tangu mwaka wa kwanza, lisibaki la ukumbini.

Kwa mzazi anayelipa ada ya tuisheni, nina ombi moja. Ukimpeleka mwanao kituoni, usiishie kuuliza wamefaulu wangapi kwa A. Uliza pia kama kuna siku anafundishwa kumsikiliza mtu asiyefanana naye. Huyo mwanao, Mungu akijalia, baada ya miaka 8 atakuwa zamu peke yake usiku katika hospitali fulani ya wilaya, na ataletewa mtoto aliyechelewa. Kemia itamwambia atoe dawa gani. Kama mama yule atarudi na mtoto wa pili mapema, au atakaa nyumbani kwa kuogopa kutukanwa tena, itategemea kile ambacho mwanao atamwambia katika dakika ya kwanza.